Si Nguo za Wafu: Historia ya Mitumba Tukiitazama kutoka Mpondwe

Mwaka jana, siku ya soko pale Mpondwe, mwanamke mmoja alisimama mbele ya turubai langu akiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Vumbi la barabara ya Kasindi lilikuwa bado miguuni kwake. Hakuja kununua.

"Mama, niko nauzisha hii sufuria," aliniambia. "Niko na batoto batatu. Tulivuka leo asubui. Unipatie hata kidogo."

Niliigeuza. Ilikuwa sufuria nzito ya alumini ya kuyeyusha, na chini yake mtu alikuwa amekwaruza herufi mbili kwa msumari, kama tunavyofanya kwetu ili sufuria isipotee kwenye matanga. Mimi nilijua bei yake. Nilijua pia kwamba yeye hajui bei ya upande huu, na hana muda wa kuzunguka soko. Nikampa shilingi 8,000. Kabla ya jua kuzama ningeipata 25,000.

Alishukuru. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba alinishukuru.

Ndugu msomaji, mimi ni muuzaji wa mitumba. Nimeandikishwa kwenye makaazi ya wakimbizi kama wengi wenu, lakini kila mwezi nashuka Bwera kununua nguo na vyombo vilivyotumika, nakuja kuviuza huku kwetu. Biashara yenyewe ni ndogo ila inalisha nyumba. Siku ile nilirudi nikiwa na swali moja: hivi vitu tunavyouziana vimetoka wapi hasa, na mikono iliyovishika kabla yetu ilikuwa mikono ya nani? Nimeuliza wazee, nimesoma nilichoweza kupata. Haya ndiyo niliyokusanya.

Tulivyovuka sisi

Mama yangu na mimi tulivuka mto Lhubiriha mwisho wa mwaka 2014, miezi michache baada ya mauaji kuanza upande wa Beni. Mama alikuwa na vikwembe sita kwenye kifurushi. Wakongomani hawahitaji maelezo, lakini nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaweza kudhani kikwembe ni kitambaa tu. Kwetu kikwembe ni akiba. Mwanamke anapewa siku ya ndoa, anaweka sandukuni, anauza siku mtoto akiugua. Siku ile mama aliuza viwili Bwera, tukala, tukalala ndani. Aliyenunua hakumwuliza kitu. Alivikunjua, akavipima kwa mkono, akataja bei, mama akanyamaza, akapokea.

Watu wakisema "mitumba" wanafikiria meli kutoka Bulaya. Ila soko la mpakani lina mitumba ya aina mbili. Ipo inayofika kwa kontena, na ipo inayofika kichwani mwa mtu anayekimbia. Ya pili haiandikwi popote.

Majina ya nguo hii

Kila nchi imeipa nguo hii jina, na jina linaonyesha watu waliipokea vipi. Tanzania na Kenya ni mitumba, yaani mafurushi. Waganda wanasema mivumba. Rwanda na Burundi wanaita caguwa, na hilo ni neno letu la Kiswahili, chagua. Zambia ni salaula, kuchakura kwenye rundo. Kinshasa walisema tombola bwaka: inua, tupa. Mengi ya majina haya yanaeleza mkono unaochambua.

Lakini lipo jina lingine la zamani la Kiswahili, nalo ni kafa Ulaya. Maana yake ni kwamba mwenye nguo amekufa huko Ulaya, ndiyo maana imetufikia. Ghana nao wana jina la namna hiyo, la nguo za mzungu aliyekufa. Ukifikiri, ni hesabu ya akili. Kwa mtu wa kijijini ambaye ana shati mbili, nani anatoa koti zima akiwa bado hai?

Jina hilo halijaisha nguvu. Agosti 2023, akiwa Mbale kwenye eneo la viwanda, Rais Museveni alitangaza kwamba anaipiga vita mitumba, na akasema hizo ni nguo za watu waliokufa. Siku ile Bwera hakukuwa na mazungumzo mengine. Mzee mmoja wa viatu alicheka akasema, "Kama ni za marehemu, basi marehemu wa huko ni wengi sana, na wote walikuwa wanavaa saizi yangu."

Sasa tuangalie historia inasema nini.

Kabla ya belo

Nguo ya kigeni si ngeni kwetu. Tangu miaka ya 1830 wafanyabiashara wa mji wa Salem, Marekani, walileta Zanzibar kitambaa kigumu cha pamba, watu wakakiita merikani. Misafara ilikibeba hadi ndani ya bara pamoja na kaniki ya India. Kilikuwa nguo na kilikuwa pesa: wapagazi walilipwa kwa mikono ya kitambaa, watawala wa njiani walipewa kitambaa kama hongo. Nguo ilihesabiwa kama tunavyohesabu noti.

Nguo iliyotumika ilikuja zaidi na vita. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 makoti ya jeshi yaliuzwa huku kwetu. Neno kabuti, ambalo wazee bado wanalo kwa koti zito refu, limetokana na jina la Kizungu la koti la askari. Walinzi wa usiku walilipenda.

Kongo nayo ilikuwa mlango mkubwa. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji nguo zilizotumika, nyingi zikiwa za Marekani, ziliingia Kongo, na wafanyabiashara Waafrika walizivusha mpaka kuzipeleka Rodezia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kwa hiyo watu wa mpakani kuvusha nguo si kazi iliyoanzia Kasindi, wala si jana.

Hapa kuna jambo ambalo sikulijua, nami nataka kila mtoto wa makaazi alijue. Kuanzia mwaka 1942 Uganda ilipokea wakimbizi wa Kizungu. Walikuwa Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto. Warusi wa Kisovieti waliwatoa makwao kwa nguvu wakawapeleka mbali, Siberia na kwingineko. Walipoachiliwa walipitia Iran, na maelfu wakaletwa Afrika Mashariki. Hapa Uganda waliwekwa kambini Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja kando ya ziwa Viktoria. Kanisa walilolijenga Nyabyeya bado lipo. Walipanga mstari, waliandikishwa, walingoja habari za nyumbani, kama sisi.

Na vita vilipokaribia kwisha, mwaka 1945, Marekani ilifanya mkusanyo mkubwa wa nguo zilizotumika kwa ajili ya watu waliovuliwa kila kitu na vita, wengi wao wa Ulaya. Zilikusanywa kama ratili milioni 150, yaani karibu tani 68,000. Watu waliambiwa wafungue makabati, wafue, walete. Wazungu wengi wa wakati ule, ambao leo wajukuu wao wanatoa nguo, walivaa nguo za kupewa.

Kwa hiyo yule mwenye koti hakufa. Alikuwa na makoti mawili, na mwenzake hakuwa nalo.

Pamba ya Kasese

Lakini sitaki kuwadanganya kwa sababu mimi ni muuzaji. Anayeipinga mitumba ana hoja, tena nzito.

Teremka kutoka milimani uje tambarare ya Kasese uone pamba. Wakulima wanailima, na chama cha ushirika cha Nyakatonzi kina kiwanda cha kuichambua. Mbegu inatolewa, nyuzi nyeupe zinafungwa. Baadaye? Pamba nyingi ya Uganda inauzwa nje ikiwa bado nyuzi. Inakwenda Mombasa, inapanda meli. Huko inafumwa, inashonwa, inavaliwa, inachokwa, inafungwa tena, inashuka Mombasa, inapita Kampala, inakuja Mpondwe. Huenda fulana ninayomwuzia mkulima wa Kasese kwa shilingi 3,000 ina pamba ya shamba lake mwenyewe. Imezunguka dunia ili irudi nyumbani ikiwa kuukuu.

Haikuwa hivi siku zote. Miaka ya 1950, bwawa la umeme la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, kiwanda cha Nyanza Textile, ambacho watu walikiita Nytil, kilikuwa kinafuma pamba ya hapa hapa. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na wafanyakazi wa mgodi walikuwa na mshahara wa kununua nguo mpya. Mzee mmoja wa Bwera aliniambia baba yake alioa akiwa amevaa suruali mpya ya kaki ya Jinja, "na mkunjo wake ungekukata kidole."

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Viwanda na maduka vikaingia mikononi mwa watu wengi wasiojua kuviendesha. Sukari, sabuni, chumvi na nguo vikawa adimu. Ndipo magendo yakashika nchi: kahawa ilivuka kwenda Zaire usiku, na kilichorudi kilikuwa sabuni na kitenge. Wakati ule ni Mganda aliyekuwa akitafuta nguo upande wetu. Wakonzo na Wanande ni ndugu, lugha yao ni karibu moja, na mto haukuwahi kuwazuia. Leo mkondo umegeuka, kesho nani anajua.

Mitumba kwa marobota ilikuja kwa wingi baada ya hapo, mwisho wa miaka ya 1980 na miaka ya 1990, serikali za Afrika Mashariki zilipofungua milango ya biashara. Soko la Owino pale Kampala likawa baba wa masoko yote ya mitumba Uganda. Viwanda vilivyokuwa tayari vinachechemea vikapata pigo lingine. Mtafiti mmoja, Garth Frazer, alichapisha mwaka 2008 kwamba, kwa makadirio yake, nguo zilizotumika zilisababisha kiasi cha asilimia 40 ya kushuka kwa utengenezaji wa nguo Afrika kati ya 1981 na 2000. Hiyo si kidogo. Ila pia si yote: sehemu nyingine ni vita, umeme, madeni, utawala, na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba polepole. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao mwaka 2017, na nchi zetu zikatishiwa kunyimwa nafasi ya kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikakataa, ikabaki na ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia msamaha wa ushuru kwa nguo zake. Yaani nguo ambayo mwenyewe ameitoa bure kwenye kisanduku cha msaada ina nguvu ya kugombanisha marais.

Kutoka kisandukuni hadi Mahango

Inakuwaje? Huko mbali mtu anatoa nguo kwa shirika la hisani. Sehemu ndogo inauzwa kwenye maduka ya shirika, sehemu kubwa inauzwa kwa kilo kwa makampuni ya kuchambua. Wanatenga mashati peke yake, sweta peke yake, za watoto peke yake, gredi kwa gredi. Zinakandamizwa kwa mashine, zinafungwa belo, mara nyingi kilo 45. Anayenunua belo hajui kilichomo. Unalikata huku unaomba Mungu. Kuna siku linakutoa na jinzi safi, kuna siku linakutoa na nguo za kuteleza kwenye barafu.

Hapo ndipo jiografia ya Kasese inatusaidia. Mjini Kasese kuna joto, belo la sweta nzito litakaa hadi panya walizalie. Lakini akina mama wanaoshuka kutoka Mahango na milima mingine ya Rwenzori na kahawa na maharage wanajua baridi ya asubuhi. Wao sweta wanainusa, wanaivuta mshono, wanaigeuza ndani nje, kisha wanataja bei ya nusu. Koti lililotengenezwa kwa theluji ya mbali linapata kazi chini ya theluji ya Rwenzori. Lisilofaa linaenda kwa fundi wa cherehani: suruali ya mtu mnene inatoa kaptula mbili za shule, shuka inatoa mapazia, sweta iliyochanika inafumuliwa, uzi wake unafuma kofia ya mtoto. Kinachobaki kinakuwa kitambaa cha kufutia mafuta gereji.

Blanketi la kijivu

Na vyombo vya nyumbani? Angalia ulivyonavyo. Jerikeni ya njano, bido letu, ilikuja na mafuta ya kupikia kabla ya kubeba maji. Kopo la mafuta ya msaada ni mlango wa jikoni, ni kipimo cha maharage, ni taa. Tairi la lori ni sandali, lugabire. Sufuria ya yule mwanamke ilikuwa vipande vya injini kabla ya kuyeyushwa. Hakuna nyumba kwenye makaazi haya ambayo haikujengwa kwa kitu cha mara ya pili.

Tena kuna blanketi. Usiku wa kwanza kwenye kituo cha mapokezi tulipewa blanketi la kijivu, zito, linalonusa mafuta. Mama alilishika akasema, "Angalau hili ni jipya." Sikuwa na sababu ya kubisha.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za Panipat, mji ulio kaskazini mwa Delhi, India. Huko zinafika sweta na makoti ya sufu kutoka nchi za baridi, yale yasiyovalika tena. Wanawake wanayakata, wanatoa vifungo na zipu, wanayapanga kwa rangi. Mashine zinayararua hadi yarudi kuwa manyoya, yanasokotwa upya, yanafumwa mablanketi. Mengi ya mablanketi yale yaliyotolewa na mashirika ya misaada kwenye maafa yalitengenezwa huko. Ufundi wenyewe ni wa zamani, ulianzia Batley, Uingereza, mwaka 1813 hivi. Rangi inakuwa ya kijivu kwa sababu rangi nyingi zimechanganywa.

Siwezi kuapa kwamba la kwetu lilitoka Panipat. Lakini nilimweleza mama. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo tulijifunika nguo za watu mia?" Nikasema ndiyo, inawezekana. Akasema, "Ndiyo maana lilikuwa na joto."

Tunaloweza kufanya

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina maneno mawili, yatoke kwa mtu aliyekaa pande zote mbili za turubai.

La kwanza ni kuchagua. Niliwahi kuwa kwenye mgawo wa nguo ambapo kila mtu alirushiwa furushi bila kuangaliwa. Mzee wa miaka sabini alipata gauni la harusi ya kizungu. Watu walicheka, naye alicheka, lakini sikumwona tena kwenye mgawo. Kumbukeni majina: caguwa, salaula. Watu wetu waliipokea nguo hii kwa sababu iliwapa nafasi ya kusema hii nataka, hii sitaki. Wekeni meza, tundikeni kamba, mpeni mtu dakika tano. Na mkiweza, nunueni kwa mafundi na wauzaji walio humu ndani, kwa sababu belo moja la bure linaweza kufunga vibanda kumi.

La pili ni siku ya kwanza. Mtu aliyevuka leo anauza rahisi kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake. Anauza sufuria, kesho yake anapewa sufuria. Kama angejua itakuja, asingeuza. Mwambieni mapema, kwa lugha yake, pale pale mpakani.

Na kwetu sisi wauzaji: siwezi kumwambia mtu asinunue. Asiponunua, yule mama hali. Ila nimeanza utaratibu. Kitu cha mtu aliyevuka karibuni nakitenga. Naandika kwenye daftari siku, bei niliyotoa, na alama ya kitu. Namwambia: una miezi mitatu, ukirudi na pesa ile ile unachukua chako. Ikipita, nauza. Mume wangu anasema hiyo si biashara, ni benki ya wajinga. Mpaka leo wamerudi wanne kati ya kumi na mmoja, na hasara yake naijua kwa shilingi.

Mwenye sufuria sikumwambia hivyo, kwa sababu wakati ule sikuwa nimeanza. Nilimtafuta siku ya soko iliyofuata, nikaambiwa basi lilishawachukua. Sijui walipelekwa makaazi gani. Sufuria bado iko kwangu, tunapikia sombe Jumapili, na sijaikwaruza chini. Herufi ni M na K. Kama ni yako, au ni ya mtu unayemjua, mwambie aliyekupa gazeti hili, naye atakuelekeza kwangu. Usije na pesa.